Nilikonda Huku Nikila

Ugonjwa wangu ulianza kwa njaa. Si njaa ya kukosa, bali njaa ya mtu aliyekwisha kula na bado anatazama sufuria. Asubuhi nilikula mahamri na mbaazi, na kabla Hamadi, mume wangu, hajamaliza kuvaa viatu vya kazi, nilikuwa nimefungua kiporo cha jana. Saa nne nilitafuta muhogo wa kukaanga. Adhuhuri wali, tena wa kurundika. Alasiri nilisimama kando ya barabara ya Ukunda, mtu mzima mwenye ndoa yake, nikimwambia muuza viazi karai, "Niongezee, na ile pilipili usiionee huruma."

Na kila wiki gauni likawa kubwa zaidi.

Naandika haya kwa sababu nilipokuwa mgonjwa nilitamani mtu wa kuniambia mambo yatakuwaje, si kwa lugha ya daktari, bali kwa lugha ya mtu aliyekalia benchi lile lile la hospitali. Sikumpata upesi. Kama wewe ndiye unayelikalia leo, sogea kidogo, tukae.

Jina langu ni Mejumaa. Ni mchoraji. Nina chumba cha mabati nyuma ya nyumba yetu hapa Ukunda, na humo nimechora ndovu na mashua nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa kuwa hizo ndizo wageni wa Diani wanazopakia kwenye mabegi. Lakini kwa muda mrefu roho yangu ilikuwa kwa watu, na hasa wanawake wakiwa na chakula mbele yao. Nimekaa katika jikoni nyingi za harusi. Nimeona biharusi akilishwa ili ajae, na mwanamke yule yule, akishazaa, akifungwa mkaja ili tumbo lirudi. Nimeona mama akiwapakulia watu wa nyumba nzima kisha akila ukoko amesimama. Nimeona wasichana wa kazi za hoteli wakijinyima chapati ili sare iwakae. Nikasema, hapa pana kazi ya kuchora mpaka nizeeke. Mwenye ukumbi mmoja wa picha kule Diani, mwanamke wa bara mwenye maneno machache, alikuja kutazama michoro ya kwanza akasema, "Hizi ziko na maisha. Maliza, tutazitundika mwisho wa mwaka ujao."

Basi mwaka niliopewa kuchora miili ya wanawake ndio mwaka ambao mwili wangu mwenyewe uliamua kunipotea.

Mvua za vuli zilipokwisha, nilikuwa nimepungua kiasi kwamba watu waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilinisifu. Wifi yangu Saumu, dada yake Hamadi, ndiye aliyekuwa kinara wao. Saumu anafanya kazi kwenye duka la simu, anajipenda, na amekuwa akipigana na kiuno chake tangu shule. Alinizunguka siku moja uani kama mtu anayekagua gari.

"Wifi, unakunywa nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya mfereji, Saumu."

"Mchoyo wewe! Mimi ningekwambia." Akanuna kweli, siku kadhaa hakunipigia simu.

Kundi la pili lilinihurumia. Msibani, shangazi mmoja alinishika mkono akaupima kwa vidole vyake, kisha akamgeukia mwenzake wakanong'ona. Sikusikia maneno, lakini nilijua ni maradhi gani wanayoyataja. Na mama mkwe wangu, Bi Mwanatumu, anayekaa Msambweni, alituita mimi na Hamadi siku ya Ijumaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaeni. Hamadi, mtoto wa watu humlishi?"

Hamadi ni fundi wa mafriji ya hotelini, mtu mpole, asiyejua kujitetea. Akasema, "Mama, anakula kuliko mimi."

"Nitaona mwenyewe."

Aliandaa wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaketi mbele yangu, mikono mapajani. Nilimaliza. Akaniongezea. Nikamaliza. Akakwangua sufuria akanipa na ukoko, nao nikaumaliza. Akautazama mkono wangu, akaitazama sahani, akaniangalia usoni, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika nyumba ile nikamwona ameogopa.

"Chakula hiki kinakwenda wapi, mwanangu?"

Nilicheka, naye hakucheka.

Nilichomficha yeye, na kila mtu, ni mikono. Ilikuwa inatetemeka. Kwanza kidogo, kama ya mtu aliyekunywa kahawa tupu, kisha hata kikombe kikaanza kugongana na kisahani. Nikabadilisha brashi ndogo nikachukua kubwa. Nikajiambia ni mtindo mpya. Lakini kuna sehemu za mwili wa mtu ambazo brashi kubwa haiwezi: ukingo wa jicho, kona ya mdomo. Joto la kaskazi lilipoingia, Saumu, aliyekuwa amenisamehe, alikubali kukaa nimchore mbele ya sahani ya chapati asizozigusa. Nilifika kwenye mdomo wa juu. Mkono ukaruka. Nilijaribu kurekebisha, ukaruka tena.

Saumu akaja kutazama. "Wifi! Umenitia masharubu!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniona uso, akaona na brashi inavyopiga ngoma kwenye ukingo wa kopo. Akaichukua brashi mkononi mwangu taratibu, akaiweka chini, akanishika vidole vyote kumi ndani ya viganja vyake.

"Tangu lini?"

"Zamani."

"Na mimi nakuuliza unakunywa nini," alisema, akaanza kulia.

Jumapili iliyofuata tulijilaza baada ya chakula cha mchana. Hamadi akainuka ghafla, akashika kitanda. "Ardhi inatetemeka?" Haikuwa ardhi. Ulikuwa moyo wangu, ulikuwa unapiga kwa nguvu hata fremu ya kitanda inaitika. Kesho yake alfajiri tulikuwa njiani kwenda hospitali ya Msambweni.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu. Aliniambia ninyooshe mikono mbele, akaweka karatasi juu ya vidole vyangu. Karatasi ikacheza kama bendera. Akanigusa shingo, akaniambia nimeze mate. Akanitazama macho, ambayo wakati ule yalikuwa yamejitokeza kidogo na kunifanya nionekane kama mtu aliyeshtuliwa. Damu ikatolewa, siku zikapita, tukarudi. Akaniambia kwa maneno mepesi kwamba tezi iliyo shingoni mwangu inafanya kazi kupita kiasi, na inauendesha mwili wote mbio.

"Mikono yangu itatulia? Mimi ni mchoraji."

"Itatulia. Na utanichora," alisema. "Lakini dawa ni za muda mrefu, mwaka na zaidi. Utakuja hapa mpaka utuchoke."

Sikuwachoka, na sababu ni benchi.

Siku yangu ya kwanza ya kungojea majibu ya damu nilikaa karibu na mwanamke mnene aliyejizungushia kanga shingoni, jua likiwa kali vile. Alinitazama juu chini.

"Wewe nawe umeletwa na shingo?"

"Ndiyo, mama."

"Imekufanyaje?"

"Nakula nakonda."

Akafungua kanga kidogo. Chini ya kidevu chake palikuwa na uvimbe mkubwa, laini. "Mimi sili, nanenepa," alisema. "Mungu angetuchanganya ndani ya sufuria moja, atoke mwanamke mzuri!" Akacheka, benchi zima likatikisika, wagonjwa waliokuwa wamenuna wakageuka.

Jina lake Mbodze, wa Kinango. Mume wake huchunga mbuzi, na yeye hulima mahindi mvua ikikubali. Mwaka ule haikukubali. Aliniambia kisa chake kwa vipande, kila tulipokutana kliniki. Unga wa msaada ulikuwa ukigawiwa kwa vikombe. Watu wote kijijini walikonda, na yeye, aliyekuwa akila kidogo kuliko watoto wake, akavimba uso, akavimba miguu, akajaa. Jirani yake Nyamvula, waliyeolewa naye msimu mmoja na kusaidiana wakati wa kuzaa, aliacha kumsalimia. Akawaambia watu kwamba Mbodze ana gunia la unga amelizika ndani ya nyumba.

"Unalo?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka akakohoa. "Walikuja na majembe, mwenzangu. Nikawaambia, karibuni, chimbeni. Wakachimba sakafu yote. Nikawapa maji ya kunywa, maana kazi ya kuchimba ni ngumu." Akaifunga tena kanga yake. "Nyamvula alikunywa maji yangu, akarudisha kikombe, hakusema neno."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo yakanikaa. Mimi nilishukiwa kwamba sili. Yeye alishukiwa kwamba anakula kwa siri. Wote wawili tulihukumiwa kwa mwili, na sahani hakuna aliyeiuliza, isipokuwa mama mkwe wangu.

Wiki za kwanza za dawa zilikuwa ngumu, nisikudanganye. Ngozi iliniwasha. Nywele zilibaki kwenye kitana kwa mafungu. Joto lilinitesa mpaka nikawa nalala sakafuni juu ya saruji, feni mbili zikinipuliza, na Hamadi amejifunika blanketi upande wa pili wa chumba kama mtu wa Limuru kwenye baridi. Hasira zilikuwa karibu mno. Siku moja aliniuliza chumvi iko wapi, nikamjibu kwa maneno ambayo chumvi haikustahili. Alitoka nje. Nilidhani amekwenda kwao. Kumbe alikuwa amekwenda kuchukua friji kuukuu aliyoitengeneza, akaifunga ndani ya chumba changu cha kuchorea, akaijaza chupa za maji. "Ukiona hasira inakuja," alisema, "fungua mlango huu uingize kichwa." Nilifanya hivyo mara nyingi. Nakwambia inasaidia.

Kisha ikaingia Ramadhani, na daktari alikwisha sema: mwaka huu hufungi. Tangu utotoni sijawahi kula mchana wa Ramadhani isipokuwa kwa udhuru wa kawaida wa wanawake. Nikawa nakula jikoni, mlango umefungwa, mgongo umegeukia dirisha, kama mwizi. Mimi, mwenye kuchora wanawake na chakula chao, sikuweza kula tonge mbele ya paka.

Bi Mwanatumu alikuja kukaa nasi mwezi ule. Alinikuta hivyo siku ya pili. Yeye amefunga, midomo imemkauka. Siku iliyofuata, adhuhuri, nilisikia mwiko. Alikuwa amenipikia wali na mchuzi wa kunde, ameandaa mkeka sebuleni, si jikoni, na pazia ameliacha wazi.

"Mama, wewe umefunga, unapikaje?"

"Harufu haifunguzi. Kaa."

"Watu watapita."

"Wapite. Mgonjwa kuruhusiwa kula ni rehema ya Mungu, wewe unaifichia jikoni kwa nini? Kula, mwanangu."

Akaketi na tasbihi yake karibu nami kila mchana mpaka mwezi ukaandama. Mama huyu haingii chumba changu cha picha. Sura za watu zinamtia wasiwasi wa dini, nami namheshimu kwa hilo, na hajawahi kunikataza. Lakini kama kuna picha ambayo natamani kuichora na sitaichora, ni ile: yeye na midomo yake mikavu, akinisubiri nimalize wali.

Mvua za masika zikaja na mikono yangu ikarudi. Daktari alikuwa amenipa pia kidonge kidogo cha kutuliza moyo, na siku moja, nikiwa nasikiliza matone juu ya mabati, nikagundua kwamba nimechora kope za Saumu, moja baada ya nyingine, bila kufikiri. Nilimwita Hamadi. Alikuja mbio akidhani nimeanguka. Nikamwonyesha kope. "Ni kope," alisema. "Ndiyo," nikasema, "ni kope!" Akaelewa, akaketi juu ya kopo la rangi, suruali ikaharibika, hakujali. Masharubu ya Saumu niliyafuta siku hiyo hiyo, ingawa mwenyewe alisema alishayazoea.

Nilimwomba Mbodze nimchore. Alikuja kutoka kliniki, kanga shingoni, na kifurushi cha chakula chake. Nilikuwa nimeandaa sahani kubwa: sima, samaki, ndizi, rangi za kupendeza. Mbodze akaiweka kando.

"Unichore ninakula," alisema. "Lakini ninachokula, si unachopenda wewe."

Akafungua kifurushi. Sima ya kutosha ngumi ya mtoto na mboga ya mchunga kidogo. Nikasema picha itaonekana tupu. Akasema, "Ndivyo ilivyo." Basi nikachora tonge lile, na mwili ule mkubwa nyuma yake, na mkono ukienda mdomoni bila haraka. Hata hilo tonge la mwisho hakulimaliza. Aliivua kanga mwenyewe. "Shingo nayo uitie. Haijaniomba ruhusa kukaa hapo, kwa nini niifiche?"

Wakati wa kusi nilikuwa nanenepa. Hili hakuna aliyenitahadharisha nalo, kwa hiyo nakutahadharisha mimi: tezi inapotulia, mwili unarudi, na haurudi kwa adabu. Ulipita pale nilipokuwa zamani, ukaendelea. Nilikuwa nimechora wanawake wa kila umbo nikiwaambia ni wazuri, na nilikuwa nasema kweli. Halafu nikasimama mbele ya kioo, zipu imekataa, nikakuta namkumbuka yule mwanamke wa kaskazi mwenye mifupa ya shingo iliyochongoka. Mwanamke aliyekuwa mgonjwa! Aliyekuwa hawezi kushika kikombe! Nilijionea aibu, kisha nikacheka, kisha nikajionea tena. Mambo hayo hayaishi kwa siku moja. Saumu alinikumbatia uani akaning'ang'ania. "Afadhali, wifi. Ulikuwa unachoma kwa mifupa." Na baada ya hapo nilimwona akila chapati yake nzima, mchana, akizungumza, bila kuitazama.

Mbodze hakuonekana kliniki mara mbili mfululizo. Nilijua alikuwa amepangiwa kupasuliwa uvimbe ule, na simu yake ilikuwa haipatikani. Niliitazama picha yake kila asubuhi, sikuweza kuigusa. Mwisho simu ikalia, sauti ya kukwaruza kama ya mzee.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mwanamke asiye na shingo," alisema, akajaribu kucheka, akaumia, akacheka hivyo hivyo. Nilikaa chini pale pale uani nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kwa aliye njiani, nina machache tu. Usiache vidonge siku unapojisikia mzima, kwa maana ndivyo vinavyokufanya ujisikie hivyo. Mwambie mtu mmoja kuhusu mikono, au moyo, au chochote unachokificha. Watu wakikusifu kwa kukonda, au wakikusema kwa kunenepa, wewe waambie ukweli mara moja, kisha nenda zako. Na ukifika kwenye benchi, salimia aliye karibu.

Mwisho wa mwaka picha zilitundikwa Diani. Hamadi alivaa kanzu mpya, akasimama mlangoni kama mwenye nyumba. Bi Mwanatumu hakuja, lakini alituma sinia la kaimati lililokwisha kabla ya hotuba. Daktari wetu alikuja, akajitafuta ukutani, nikamwomba subira. Saumu alisimama chini ya picha yake akipigwa picha na wageni.

Mbodze alifika alasiri, amevaa leso mpya, shingo wazi, kovu jembamba limezunguka kama mkufu. Alikuwa amepungua uso. Nyuma yake alisimama mwanamke mrefu, mkavu, asiyejua aweke wapi mikono.

"Huyu ni Nyamvula," alisema Mbodze. "Nimemleta aone."

Tukasalimiana. Nyamvula akaenda mbele ya ile picha. Alisimama pale muda mrefu, watu wakimpita. Kisha akaniita kwa macho.

"Sahani hii," aliniuliza, "ndivyo ilivyokuwa kweli? Hukupunguza wewe?"

"Sikupunguza. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Hata hiyo alibakisha."

Alitazama tena lile tonge. Kisha akageuka akaenda kwenye meza ya vyakula, akachukua sahani, akaanza kupakua: sambusa, kababu, mayai, sambusa tena, mpaka mhudumu akamkodolea macho. Akarudi nayo kwa mikono miwili, akaisogeza mbele ya Mbodze.

"Shika," alisema. "Shika, dada. Nisamehe."

Mbodze aliitazama sahani, akamtazama jirani yake. Sijui ni nini alichotaka kusema, kwa sababu alianza mara mbili na sauti yake mpya ikakataa. Mwisho akachukua sambusa, akaivunja, nusu akamtia Nyamvula mdomoni kabla hajakataa, na nusu akala mwenyewe. Wakaketi kwenye benchi la ukumbini, bega kwa bega, sahani imekaa kwenye mapaja yao wawili.

"Una njaa?" Nyamvula akamuuliza, kwa hofu kidogo.

"Siku hizi ninayo," alisema Mbodze, mdomo umejaa. Kisha akainua kichwa, akaniona nimesimama nikiwatazama kama mtu asiyealikwa, akanipungia mkono uliojaa mafuta.

"Mejumaa! Njoo ukae, zinakwisha."